Namna ya kuandika daftari la wanyamapori wa kijiji

Mwaka 2003, watafiti waliokuwa wakizunguka vijiji vya Mlima Rungwe, kusini mwa Tanzania, waliwasikia wawindaji wakimtaja kima mwenye haya anayekaa juu msituni, jina lake kipunji. Wanyakyusa wana masimulizi mengi ya wanyama, wengine wa kweli na wengine wa ngano, kwa hiyo haikujulikana mara moja huyu awekwe upande gani. Desemba mwaka huo akaonekana vizuri. Mwaka uliofuata timu nyingine, isiyokuwa na habari za Rungwe, ikamkuta Ndundulu, huko Udzungwa. Alitangazwa 2005, na 2006 akapewa jenasi yake peke yake (kundi la kisayansi lililo juu ya spishi), Rungwecebus, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa kima wa Afrika tangu 1923. Wawindaji wa Rungwe hawakugundua kitu: walikuwa wanamjua siku zote, ila hakuna aliyewauliza.

Maelezo yanayofuata ni ya kikundi cha kijiji, shule au klabu ya mazingira inayotaka kuandika mamalia wa porini waliopo kwenye eneo lake, kisha kuwafanyia sherehe ya siku moja. Kazi yote huchukua kama miezi miwili. Ugumu wake hauko kwenye kamera wala nyayo. Uko katika kuwapata watu wa kila aina wazungumze, maana kila mtu anawajua wanyama wa saa zake na wa njia zake.

Ruhusa

Tanzania, anzia kwa mtendaji wa kijiji kwa barua, ipite halmashauri ya kijiji, kisha itangazwe kwenye mkutano mkuu. Sehemu ya eneo ikiwa ndani ya WMA (eneo la wanyamapori linalosimamiwa na jamii), ofisi ya jumuiya nayo ijue. Kwa maeneo ya serikali, anayeombwa ruhusa kwa msitu wa hifadhi wa serikali kuu ni TFS, pori la akiba ni TAWA, hifadhi ya taifa ni TANAPA. Matokeo yakikusudiwa kuchapishwa kama utafiti, hapo zinaingia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia). Kenya ni KWS, shirika la wanyamapori, na kwa utafiti taasisi za WRTI na NACOSTI. Anayefunga kamera kwanza na kuomba ruhusa baadaye hupoteza kamera, na wakati mwingine hupoteza na kijiji.

Nani aulizwe

Panga makundi sita, kila moja watu watano hadi wanane. Wanawake wanaofuata kuni na maji alfajiri wanajua fisi amepita wapi na chui analala korongo gani. Watoto wanaochunga mbuzi wanajua mashimo yote: ya ngiri, ya nungunungu, ya nguchiro, na lile ambalo muhanga alilichimba kisha akaliacha. Warina asali wanamjua nyegere kwa hasara, pamoja na komba na perere wanaoishi juu ya miti ile ile. Wavuvi wa usiku wana kiboko na fisi maji. Wanaolala shambani kulinda mazao wana nguruwe pori, panya buku na, kwenye maeneo yao, tembo. Kundi la sita ni wawindaji, wa sasa na waliokwisha kuacha. Bila wao orodha huwa na pengo kubwa.

Wazee wasioona vizuri wasiachwe. Wanyama wengi wa usiku hujulikana kwa sauti, na mlio wa perere, unaoanza kama mlango mkavu unaofunguka na kuishia kama mtu anayenyongwa, mzee huutambua kabla kijana hajageuza shingo.

Usiwaite wote kwenye mkutano mmoja. Kwenye mkutano wa hadhara wa saa nne asubuhi watazungumza wanaume watano wale wale wanaozungumza kila mkutano, na wanyama watakaotajwa ni simba na tembo. Wafuate watu waliko: wanawake baada ya kikao cha VICOBA, wafugaji kwenye josho au mnadani, wavuvi mwaloni wakati wa kushona nyavu, watoto jioni mifugo ikirudi. Anayewauliza wanawake awe mwanamke. Kwa wafugaji wa Kimaasai au Kidatoga, muulizaji azungumze lugha yao, kwa sababu majina ya wanyama na ya mahali hupotea kwenye tafsiri. Kuhusu posho, ama wote wapewe sawa ama asipewe mtu. Mwenyekiti akipata elfu kumi na mchunga mbuzi akapata soda, habari itafika kwenye kundi la pili kabla yenu.

Namna ya kuuliza

Mpangilio wa maswali ndio unaotenganisha orodha ya kweli na orodha ya adabu. Ukianza kwa kuuliza "Hapa kuna kakakuona?", mwenyeji mwenye heshima atajibu "wapo", asikuvunje moyo. Kwa hiyo:

1. Anza kwa kuacha mtu ataje mwenyewe. "Tangu masika yaliyopita umekutana na wanyama gani wa porini?" Nyamaza kwa dakika tano, usisaidie.
2. Kila jina liandike kwanza kwa lugha ya mtajaji, kama alivyolitamka, Kiswahili baadaye.
3. Kwa kila mnyama uliza mara ya mwisho alimwona lini, wapi, na yeye alikuwa akifanya nini. Swali hilo la mwisho huonyesha saa na njia bila kumsumbua kwa tarehe.
4. Ndipo toa kadi za picha, kama 25, ukubwa wa nusu karatasi ya A4. Changanya humo wanyama wawili ambao hawapo Afrika, kwa mfano chui milia na kangaruu. Mtu akisema wote wawili amewaona mtoni, usimbishie. Weka alama pembeni na majibu yake ya kadi yasihesabiwe. Yale aliyoyataja mwenyewe mwanzoni yabaki.

Hatua ya pili ina sababu. Kiswahili hufunika wanyama wengi kwa jina moja. "Nguchiro" ni familia nzima, wakubwa na wadogo, wa mchana na wa usiku. "Fisi" anaweza kuwa wa madoa au wa milia. "Ngedere" wa mkoa mmoja si ngedere wa mkoa mwingine. Lugha za wenyeji mara nyingi huwatenga, na tofauti hiyo ndiyo mnayoitafuta.

Watu wataanza kulalamika. Mwenye shamba lililoliwa hawezi kukusifia tembo kabla hajasema lililomkuta, na ukimkatiza kikao kimekwisha. Tenga dakika ishirini za malalamiko, yaandikwe ukurasa wake: tarehe, ekari, mnyama, shahidi. Tanzania kuna kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, na taarifa ikichelewa kufika kwa afisa wanyamapori wa wilaya ushahidi shambani unafutika. Pelekeni ukurasa huo, lakini msiahidi malipo.

Kwa wawindaji, usiandike jina wala tarehe. Andika mnyama na eneo kwa upana, "magharibi ya mto", basi. Daftari lao lisilale ofisi ya kijiji.

Nyayo

Kinachotajwa kwa mdomo kinahitaji kuthibitishwa, na njia ya bei nafuu ni mchanga. Kwenye njia ya wanyama au karibu na maji, safisha mraba wa mita moja kwa moja, mwaga mchanga uliochekechwa wenye kina cha sentimita mbili hadi tatu, unyunyizie maji kidogo, kisha sawazisha kwa ubao. Fanya hivyo jioni, ukague alfajiri kabla ya mifugo kutoka na kabla jua halijawa juu: jua likiwa utosini vivuli hufutika na unyayo hausomeki. Mchanga mkavu mno hubomoka kingo. Ukilowa sana, mnyama huteleza na unyayo wa bweha unakuwa wa fisi.

Mnyama wa jamii ya paka huacha vidole vinne bila kucha, na ule uvimbe mkubwa wa nyuma, tuuite kisigino, una matuta matatu ukingoni. Duma ndiye anayeharibu kanuni, kwa kuwa kucha zake huonekana. Jamii ya mbwa huacha kucha, na vidole viwili vya mbele hutangulia kidogo. Fisi naye huonyesha kucha, lakini kisigino chake kimekaa upande, na mguu wa mbele ni mkubwa waziwazi kuliko wa nyuma. Nyegere ana vidole vitano, na alama za kucha za mbele ziko mbali na vidole, kana kwamba ni za mnyama mwingine. Pima urefu kutoka nyuma ya kisigino hadi ncha ya vidole, usihesabu kucha, na kila picha iwe na rula pembeni. Picha bila kipimo haifai kitu. Kwenye simu, unyayo wa kanu na wa simba vinalingana.

Kinyesi nacho husema. Cha fisi hukauka kikawa cheupe kwa ajili ya mifupa. Fungo hurudi kujisaidia mahali pamoja, na hapo utakuta mbegu za matunda na magamba ya jongoo. Kipasue kwa kijiti kikiwa na unyevu, usikishike kwa mkono wala kukiponda kikavu karibu na pua, kwa kuwa cha wanyama walao nyama hubeba mayai ya minyoo.

Ili kutunza unyayo kwa maonyesho, nunua unga wa plasta, ule wa mafundi wa dari za jipsam. Zungushia unyayo pete iliyokatwa kwenye chupa ya maji. Kikombe kimoja cha maji, vikombe viwili vya unga. Unga uingie kwenye maji, si maji kwenye unga, la sivyo unapata mabonge. Koroga mpaka uwe kama uji mzito, haraka, maana unaganda ndani ya dakika chache. Mimina pembeni ya unyayo utiririke wenyewe. Ukimimina juu yake unauchimba. Unene usipungue sentimita mbili. Subiri dakika arobaini, inua pamoja na udongo wake, na usioshe hadi kesho. Unaopasuka mara nyingi ulizidishiwa maji, au ulioshwa siku hiyo hiyo.

Kamera

Kamera mbili au tatu zinazopiga picha zenyewe zikihisi mwili wenye joto ukipita zinatosha. Zifunge urefu wa sentimita 30 hadi 50 kutoka ardhini, mita tatu au nne kutoka njiani, zikiitazama njia kwa mshazari ili mnyama akae ndani ya picha kwa muda mrefu. Zielekee kaskazini au kusini. Zikielekea mashariki au magharibi, picha za asubuhi au jioni zitakuwa mwanga mtupu. Fyeka majani mbele ya kamera: jani lililopashwa jua likipepea, kamera hudhani ni mwili, na kadi hujaa picha elfu za nyasi. Hakiki tarehe na saa, kisha tambaa mbele yake kuijaribu. Iache siku 30 au zaidi.

Kamera itampiga picha mama mwenye mzigo wa kuni. Hili lizungumzwe kabla, mbele ya wanawake wenyewe: kamera ziko wapi, nani anaangalia kadi, na kwamba picha za watu zinafutwa siku hiyo hiyo bila kuonyeshwa askari yeyote. Makubaliano yaandikwe na kusainiwa. Pasipo hivyo wanawake watabadilisha njia, na kamera itaishia mtoni.

Siku yenyewe

Machi 3 ni Siku ya Wanyamapori Duniani, lakini sehemu nyingi masika huwa mlangoni. Hakuna ubaya kuchagua Julai au Agosti, baada ya mavuno. Wanafunzi wabandike plasta za nyayo mezani bila majina, wazee wakisie. Mtoto mchungaji apewe dakika kumi za mashimo yake, mrina asali aeleze nyegere anavyovunja mzinga, na bibi mmoja aige sauti za usiku, watu wazitaje. Msimpe mgeni rasmi nafasi ya kwanza. Akishahutubia nusu saa watoto wamekwisha kuondoka.

Wadogo wapewe nafasi. Panya buku huzomewa kila mahali mpaka watu waambiwe kwamba Morogoro, chuoni SUA, shirika la APOPO huwafundisha kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, na kwamba panya mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020.

Mnyama hai asiletwe, hata kama mtu amemkamata kwa nia njema. Kakakuona hasa: sehemu nyingi akionekana huwekewa nafaka, maji na silaha atabiri mwaka, na watu hujaa. Simulieni desturi hiyo jukwaani, lakini yeye abaki porini. Yuko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na wanunuzi wa magamba hawakosi kusikia. Picha yake yoyote iondolewe alama ya mahali kabla ya kutumwa kwenye WhatsApp.

Daftari likikamilika, toeni nakala tatu: shule, ofisi ya kijiji, na moja kwa kikundi cha wanawake, ambako huwa haipotei. Kurasa za kakakuona na za wawindaji zisiingie kwenye nakala hizo.