Poulet basquaise: kuku wa Kibaski asiyetiwa maji

Wapishi wengi wa kwetu tumezoea kumchemsha kuku kwanza, hasa akiwa wa kienyeji, kisha kumkaanga na kumtia katika rosti. Poulet basquaise, chakula cha nyumbani cha Nchi ya Wabaski iliyoko kusini-magharibi mwa Ufaransa, upande wa mji wa Bayonne, hufuata njia iliyo kinyume: nyama hukaangwa ikiwa mbichi mpaka ngozi ipate rangi, halafu huivishwa taratibu katika majimaji yanayotoka kwenye vitunguu, hoho na nyanya, sufuria ikiwa imefunikwa. Maji hayatiwi. Nimekipika chakula hiki mara nyingi kwenye jiko la kawaida la gesi, na kila kilipoharibika, ama nilikuwa nimeharakisha kukaanga, ama nilikuwa nimetia maji kwa kuogopa kuunguza.

Mahitaji ya watu watano

Andaa kuku mmoja wa kilo 1.5 aliyekatwa vipande 8, ngozi yake ikiwa haijatolewa, vitunguu maji 2 vikubwa, pilipili hoho 4, mbili nyekundu na mbili za kijani, nyanya 6 zilizoiva hasa, punje 4 za kitunguu saumu, vijiko 3 vikubwa vya mafuta ya zeituni, mililita 150 za divai nyeupe isiyo tamu, majani makavu ya thaimu kiasi cha nusu kijiko cha chai, chumvi, na kijiko kimoja cha chai cha unga wa pilipili ya Espelette.

Espelette ni kijiji cha Wabaski ambacho pilipili yake nyekundu, ikishavunwa, hutungwa katika mashada na kuanikwa kwenye kuta za nyumba, na jina lake limelindwa kisheria nchini Ufaransa tangu mwaka 2000, kwa hiyo inayolimwa nje ya kijiji hicho na vijiji jirani vilivyoruhusiwa haiwezi kuuzwa kwa jina hilo. Haiwashi sana, ina utamu kidogo na harufu inayokaribia ya moshi. Usipoipata, changanya paprika robo tatu ya kijiko na pilipili kali ya unga kidogo tu, kwani pilipili kali peke yake italeta ukali bila ile harufu.

Wafaransa wengi huongeza vipande vya nyama ya nguruwe iliyokaushwa ya Bayonne. Asiyekula nguruwe aiache bila wasiwasi na aongeze chumvi kidogo, na asiyetumia divai aweke vijiko 2 vikubwa vya maji ya limau mahali pake, kwa sababu kinachotakiwa hasa ni ule uchachu unaokata mafuta ya kuku.

Hatua ya kwanza: chumvi na ukavu

Paka vipande vya kuku vijiko viwili vya chai vya chumvi, uviache kwa nusu saa, kisha uvifute kwa kitambaa safi mpaka ngozi isibaki na unyevu. Ngozi yenye maji haikaangiki. Hutoa mvuke na kubaki nyeupe hata mafuta yawe ya moto namna gani.

Hatua ya pili: kukaanga

Hapa ndipo ladha yote inapotengenezwa, nami naomba usipafupishe. Tumia sufuria nzito yenye mfuniko unaokaa vizuri. Pasha mafuta kwa moto wa wastani, upange vipande vinne tu, ngozi ikiwa chini, kisha uviache bila kuvigusa kwa dakika 7 au 8. Mwanzoni nyama itang'ang'ania sufuria, na mkono utakuwasha kutaka kuing'oa. Ukiing'oa, ngozi itabaki chini. Subiri, kwani ngozi ikishakauka na kuwa ya rangi ya kahawia itaachia yenyewe ukiisukuma kidogo kwa mwiko. Geuza, kaanga dakika 3 zaidi, toa, kisha kaanga vinne vilivyobaki. Ule ukoko wa kahawia uliogandamana chini ya sufuria usiuoshe. Ukiwa mweusi na wenye harufu ya kuungua, hapo huna budi kuumwaga na kutia mafuta mapya, maana uchungu wake hautoki.

Hatua ya tatu: mboga

Punguza mafuta yabaki kama vijiko viwili, kisha tia vitunguu vilivyokatwa vyembamba pamoja na chumvi kidogo. Maji ya vitunguu yataanza kuulainisha ukoko, nawe uukwangue kwa mwiko mpaka uishe. Baada ya dakika 5 tia hoho zilizokatwa kwa urefu, upana wa kidole, na uzipike dakika 10 mpaka zilegee. Fuatisha kitunguu saumu, thaimu na unga wa pilipili kwa dakika moja, kisha mimina divai, uiache ichemke mpaka ibaki nusu. Mwisho tia nyanya ulizozimenya na kuzikatakata. Ngozi yake hutoka kwa urahisi ukizitumbukiza katika maji yanayochemka kwa nusu dakika.

Hatua ya nne: kuivisha taratibu

Rudisha mapaja, miguu na mabawa pamoja na majimaji yaliyojikusanya katika sahani, ukiviweka juu ya mboga ili ngozi itazame juu. Funika, punguza moto mpaka usikie mchemko wa mbali tu, na upike dakika 15 kabla ya kuongeza vipande vya kidari, ambavyo huiva mapema na hukauka vikikaa mno motoni. Kuku wa kisasa atakuwa tayari baada ya dakika 25 nyingine, yaani paja likichomwa kwa kisu litoe maji yasiyo na wekundu. Wa kienyeji huhitaji saa moja na nusu mpaka mbili, na kwake yeye pekee nakubali kuongeza vijiko vichache vya maji ya moto iwapo mchuzi utaanza kushika chini.

Ukifunua na kukuta mchuzi mwepesi, toa nyama na uuchemshe bila mfuniko kwa dakika 5 au 10, mpaka mwiko ukipita uache njia inayojifunga polepole. Onja chumvi wakati huo, si kabla.

Pakua na wali mweupe usio na viungo vingi. Mchuzi ukibaki, upashe asubuhi kwa moto mdogo, uuvunjie mayai mawili na ukoroge polepole mpaka yaanze kushikana: hicho ni chakula kingine cha Wabaski, nao hukiita piperade.