Siku ya ofu ziwani: usisahau kichocho

Mnaojitolea hospitalini Malawi, siku ya ofu ikifika Ziwa Malawi litawavuta tu. Nendeni Cape Maclear, mle chambo (samaki wa ziwa hilo) wa kukaanga kwa nsima (ugali wetu huu huu, ila laini zaidi), mjilaze mchangani. Lakini kabla hujajitosa majini, kumbuka kichocho. Sisi tunaopima mikojo ya watu kutwa ndio wa kwanza kujisahau: mimi niliogelea penye matete, maji yametulia tuli, kana kwamba sijui konokono wanaobeba vimelea vya kichocho wanakaa wapi.

Ukishaingia, usikimbilie kumeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, jioni ile ile. Dawa hiyo huua minyoo waliokomaa. Wachanga haiwapati sawasawa. Andika tarehe kwenye simu, kisha kapime mkojo na choo baada ya wiki 6 hadi 8, au zaidi kidogo, hata kama huumwi popote. Huenda wakati huo umesharudi nyumbani, kwa hiyo mwambie daktari waziwazi uliogelea Ziwa Malawi. Akiwa Mtanzania mwambie Nyasa, asije akadhani ni maziwa mawili.