Vile ya kuingiza rekodi ya mtoto aliyekinzana na sheria kwa kompyuta

Hii ni ya wale mnaanza kazi ofisi za watoto ama remandi za watoto hapa Kenya, mkiandikisha watoto wanaoshukiwa ama kushtakiwa kwa kosa, manake mafunzo ya sistemu hukuonyesha pa kubonyeza tu.

Kwanza tafuta kama mtoto tayari yuko ndani ya sistemu. Usitafute kwa jina pekee, askari huandika vile amesikia na watoto wengine hutoa jina la uongo wakiogopa, so jaribu pia jina la mama, mtaa, mwaka wa kuzaliwa. Nilishapata kijana ana faili mbili, moja inasema amerudi nyumbani, ingine inasema yuko remandi, na mamake anazungushwa ofisi kwa ofisi akimtafuta.

Umri sasa, hapa nenda polepole kabisa. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kubeba kosa la jinai kutoka miaka 8 hadi 12, kwa hivyo ukikosea mwaka mmoja tu unaweza kumsimamisha kortini mtoto ambaye hakufaa kufika hapo. Andika umri umeutoa wapi, cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, daktari, ama ni yeye mwenyewe amesema. Na kama umeweka tarehe 1 Januari juu sistemu imekataa kuendelea bila tarehe kamili ya kuzaliwa, tafadhali sema kwa maelezo kwamba ni makadirio, la sivyo kesho hakimu ataichukua kama ukweli.

Weka siku NA saa ya kushikwa, Katiba inataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, ama siku ya korti inayofuata kama muda huo umeishia wikendi. Halafu jaza atalala wapi leo, na akihamishwa badilisha siku hiyohiyo. Mimi kila Jumatatu hupanga orodha kuanzia aliyekaa ndani siku nyingi zaidi, naiprinti, nauliza mmoja mmoja mbona bado yuko, hiyo orodha imetoa watoto wengi remandi kuliko ripoti zote nimewahi kuandika.

Paswadi usipeane, na skrini usipige picha utume WhatsApp hata kama ni grupu ya kazi, hizo ni siri za mtoto. Stima ikipotea andika kwa daftari, uingize ikirudi.

Kesi ikiisha ifunge, uandike iliishaje, kwa sababu ikibaki wazi siku akishikwa tena ataambiwa ana kesi ingine inaendelea.