Namna ya Kufumbua Vidokezo vya Wazimu na Vituko katika Chemshabongo

Mjazaji wa chemshabongo ya Kiswahili hukutana mara kwa mara na kidokezo kama "asiye na akili timamu", na kosa la kawaida ni kuandika neno la kwanza linalomjia, ilhali lugha yetu ina majina tele ya mtu wa namna hiyo. Hesabu visanduku kwanza. Vikiwa 5, jaribu mwehu, au chizi iwapo mtunzi anapenda lugha ya mtaani. Vikiwa 8, subiri kidogo, kwa sababu punguani na majinuni yote yana herufi 8 na yote huishia kwa -ni. Ni lazima neno linalokatiza likupe mojawapo ya herufi 6 za mwanzo.

Mtego ninaouheshimu zaidi ni visanduku 6 vinavyoanza na KI. "Tendo la kushangaza au kuchekesha" ni kituko, na "maradhi ya mbwa anayeng'ata ovyo" ni kichaa, ambamo C na H huchukua kila moja kisanduku chake. Maneno yetu mengi huishia kwa irabu, hivyo anza kutafuta herufi ya mwisho: ukipata O ni kituko, ukipata A ni kichaa.

Kisha soma ngeli ya kidokezo. Mtunzi akiandika "mtu", mwendawazimu hujaza visanduku 12. Akiandika "watu", M ya mwanzo hudondoka na vinabaki 11. Wehu ndilo jibu gumu, kwa kuwa ni wingi wa mwehu na pia ni jina la hali yenyewe, kwa hiyo "watu" na "hali" vinaweza kudai visanduku vilevile 4. Hapo pia hutokea nati, ikiwa kidokezo ni "zikilegea, kichwa si kizima". Juha na zuzu, ingawa yana herufi 4, ni ya mjinga, si ya mgonjwa, na mtunzi makini hayachanganyi.

"Hospitali ya magonjwa ya akili", herufi 7, yaweza kuwa Mirembe ya Dodoma au Mathari ya Nairobi, na zote huanza na M. Herufi ya pili ndiyo inayoamua. Ukijaza Mathari, imalizie kwa I, kwani Mathare yenye E ni mtaa.