Mambo ya kuzingatia kabla ya kugundisha mche wa kalamu wa rangi tatu

Kalamu ya kukereza (ya mbao inayochongwa kwa patasi ikizunguka kwenye mashine) ambayo wengi huanza nayo ni ile nyembamba, ya neli za shaba za milimita 7. Ikishakamilika, mwili wake pale unapokutana na chuma huwa na kipenyo cha milimita 8 na kidogo. Toa neli hapo: mbao inayobaki kila upande ni nusu milimita na ushei. Hesabu hiyo ndiyo ya kuanza nayo hata kabla ya kuchagua rangi, maana mche, yaani kile kipande cha mbao cha kuchonga kalamu, wa milimita 19 kwa 19 ulio nao mkononi, ambao viungo vyake vinaonekana imara, utabaki ganda tu. Kiungo kisichojaa gundi katikati ya mche hakitakuonya mapema. Kitafunguka ukiwa kwenye mashine, patasi ikigusa.

Tuseme rangi ni tatu: mpingo kwa weusi, mninga kwa wekundu wa kahawia, na mchungwa kwa umanjano mpauko. Mchungwa haununuliwi kwenye yadi ya mbao, lakini tawi nene la mti uliokatwa shambani linatosha kalamu nyingi, na mbao yake ni ngumu na laini usoni. Tatizo lake ni ubichi. Mbao tatu zenye ukavu tofauti zikigandishwa pamoja, ile mbichi itaendelea kusinyaa na kuvuta wenzake, na baada ya miezi utahisi ngazi ndogo kwa ukucha pale zinapokutana. Kama huna kipima unyevu, mizani ya jikoni inayosoma gramu inafaa. Kata vipande, viandike uzito kwa penseli, vipime tena kila baada ya wiki. Uzito ukiacha kushuka, mbao imetulia. Mpingo hukauka polepole mno na hupasuka ncha, kwa hiyo paka nta kwenye ncha zake ukiwa unasubiri. (Na anayenuia kuuza miche nje ya nchi aulizie kibali kwanza: jenasi ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, imo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017.)

Gundi usiichague kwa mazoea. Gundi nyeupe ya mbao inashika vizuri sana mninga kwa mchungwa, lakini mpingo una mafuta, na mafuta hayo hupanda usoni muda mfupi tu baada ya kukata. Ufute kwa asetoni halisi, subiri ipae, kisha gundisha papo hapo. Ile ya kuondolea rangi ya kucha iache, kwani nyingi zimechanganywa mafuta. Binafsi kwenye kiungo chochote chenye mpingo au chuma natumia epoksi ya taratibu, si ile ya dakika 5. Supagluu ina kasi inayoshawishi, ila ni kavu kama kioo na haipendi mtikisiko wa patasi. Ukiitumia, usiifutie pamba wala kitambaa cha pamba: vikikutana hupata moto wa kuunguza vidole.

Kama vipande vinaungana ncha kwa ncha, ujue hicho ndicho kiungo dhaifu kuliko vyote, kwa kuwa ncha ya mbao hunywa gundi. Paka mkono wa kwanza mwembamba, iache dakika chache inywe, ndipo upake wa pili na kubana.

Mstari mwembamba wa fedha kati ya rangi na rangi ni urembo wa bei rahisi: ubavu wa kopo la soda, ambao unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Lakini kopo limepakwa rangi nje na varnishi ndani, na epoksi itashika varnishi badala ya kushika alumini yenyewe. Kwaruza pande zote mbili kwa msasa namba 80 mpaka ng'aro iishe. Fahamu pia kwamba vumbi la alumini ni jivujivu na litaingia kwenye vinyweleo vya mchungwa, kama vile wekundu wa mninga utakavyoingia. Kwa hiyo andaa pampu au brashi ya kupeperushia vumbi, usipange kufuta kwa spiriti wakati wa kupiga msasa. Spiriti huyeyusha rangi ya mninga na kuitandaza kwenye mbao nyeupe, na hapo haitoki.

Sasa msumeno. Upime unene wa njia yake kwa kukata kipande cha takataka, usiamini kilichoandikwa kwenye diski. Msumeno wa meza wa kawaida hula milimita 3 hivi kila mpasuo. Mche ukikatwa vipande 8 ni mipasuo 7, na milimita 21 zimekuwa unga. Msumeno wa mkono wenye meno madogo hula chini ya milimita 1, na ukiwa na boksi la kuongozea pembe unatosha kabisa. Kwa fundo la kusokota, ule mchoro wa pete zinazopishana unaopatikana kwa kupasua mche mshazari na kugundisha ukanda mwembamba ndani ya kila mpasuo, unene wa msumeno ndio unaoamua: ukanda unaoingiza ulingane nao, la sivyo mistari iliyotangulia itahama na haitakutana tena. Mche nao uwe mraba kweli kwa guni (kipimo cha pembe mraba), pande zote nne, kwa sababu utaugeuza robo mzunguko kila baada ya mpasuo. Weka kizuizi kisichosogea ili kila mpasuo uanzie palepale, na acha kama milimita 1 bila kukata ili mche usiachane. Kwenye pembe ya nyuzi 45, pete kwenye kalamu ya milimita 8 itakuwa na urefu wa milimita 8 tu. Ukitaka pete ndefu, laza mpasuo uwe nyuzi 30 kutoka kwenye urefu wa mche, upate karibu 14.

Vipande vifupi havikatwi kwa vidole kwenye msumeno wa meza. Kama huna kitoroli (kibebeo kinachoteleza juu ya meza ya msumeno) chenye kibano cha kushikia kipande, tumia msumeno wa mkono, huo ndio msimamo wangu.

Siku ya kugundisha, panga kila kitu kikavu kwanza. Chuma cha engo kilicholazwa kama hori na kufunikwa selotepu pana kinanyoosha mche bila kung'ang'aniwa na gundi. Vipande vya mshazari huteleza ukivibana, hivyo weka vizuizi ncha zote mbili na ubane kwa urefu kwanza, ubavu baadaye, kwa nguvu ya kutoa shanga ndogo za gundi tu. Chora mstari wa penseli unaokatiza viungo vyote. Ukipinda, kimoja kimezunguka. Kisha uache usiku kucha hata kama chupa inasema saa 1.

Kabla ya hayo yote amua pia mchoro utaangukia wapi. Kalamu hii ina neli mbili, na mche utakatwa katikati ili kila neli ipate kipande chake, kwa hiyo fundo lililowekwa katikati ya mche litaishia sakafuni. Uongeze urefu wa milimita 10 hivi kila upande, maana keekee hupasua mbao inapotokea. Na mpingo huwa wa moto unapotobolewa: ingiza kidogo, toa, safisha makapi, ingiza tena. Epoksi nyingi huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, na keekee butu hufika huko haraka. Neli za shaba zikwaruze na uzipake rangi nyeusi kabla ya kuzitumbukiza, kwani kwenye mchungwa wa nusu milimita ung'aro wa shaba huonekana.