Kujivuta kwenye chuma, kama tulivyofunzwa sekondari

Mwalimu wetu wa mazoezi hakutaka kuona mtu akirusha miguu. Ukirusha, haihesabiwi. Kwa hiyo kama huwezi kujivuta hata mara moja, usihangaike kupanda. Anza na kushuka. Simama juu ya stuli, kidevu kipite chuma, viganja vitazame mbele. Shusha mabega yawe mbali na masikio, kisha inua miguu na ujishushe taratibu, sekunde 5, mpaka mikono inyooke kabisa. Katikati hapo ndipo mikono hutetemeka na wengi huachia, endelea kupumua. Rudia mara 3 hadi 5, kesho yake pumzika. Malengelenge? Sisi tulikatazwa glavu, na mpaka leo naona ulikuwa ukatili tu. Wewe vaa.