Kupima ufukweni kama marufuku ya rambo inasaidia

Chagua mita 100 za ufuko wa Bagamoyo, mbali kidogo na soko la samaki, uweke alama kwenye minazi miwili. Nenda maji yakipwa. Okota kila kipande kinachozidi sentimita 2.5, kisha tenganisha: rambo, chupa, vifuniko, nyavu, kamba. Hesabu vipande, usitegemee mizani. Rambo iliyojaa mchanga mbichi hudanganya.

Usilinganishe masika na kiangazi, kwani mvua ikikolea Mto Ruvu humwaga taka za bara. Rudia msimu uleule mwakani.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 1, 2019. Chupa za maji hazikuguswa. Basi angalia rambo peke yake, si rundo zima.